Macho Yaonekane: Kupanga Mwanga wa Odisheni Nyumbani

Mtu anayechagua waigizaji hakujui, na hana muda wa kukubembeleza. Amefungua video yako huku nyingine nyingi zikisubiri zamu. Huenda anaitazama kwenye simu akiwa ndani ya gari, huenda yuko ofisini na dirisha linang'aa kwenye kioo cha kompyuta yake. Kitu cha kwanza anachokitafuta ni macho yako. Akiyaona, anaanza kukusikiliza. Asipoyaona, hata ukitokwa na machozi ya kweli katika sentensi ya mwisho, yeye atakuwa ameshaenda kwa mwingine. Kwa hiyo kila nitakachokueleza hapa kuhusu taa, dirisha na shuka la nyumbani kwako kipime kwa swali hili: je, macho yanaonekana?

Odisheni za kujirekodi zilikuwepo kabla ya 2020, ila korona ndiyo iliyozifanya kuwa njia ya kawaida, na hazijaondoka. Mwigizaji wa Dar es Salaam anayetaka nafasi katika tamthilia inayopigwa Nairobi haambiwi tena apande basi. Anaambiwa atume video kufikia kesho saa sita mchana. Nchini Marekani jambo hili lilifika hadi kwenye meza ya mazungumzo: mkataba ambao chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kiliupata baada ya mgomo wa 2023 una vifungu vya odisheni za kujirekodi. Wengi wetu huku tunajipangia wenyewe, katika chumba cha kupanga, na majirani wakiwa upande wa pili wa ukuta. Inawezekana kabisa. Ila usinunue chochote kabla hujaijua nyumba yako.

Dirisha kwanza

Siku ambayo huna kazi, zunguka nyumba nzima na uangalie kila dirisha saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Unachotafuta ni mwanga wa anga, si jua lenyewe. Jua likiingia moja kwa moja litakuchora nondo za dirisha usoni, litakufanya ukunje macho, na upande mmoja wa uso utaungua kwa weupe huku mwingine ukizama gizani. Anga, kwa upande wake, ni pana mno, na chanzo cha mwanga kikiwa kipana kuliko uso wako vivuli hulainika. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: ulaini wa mwanga hutokana na upana wa chanzo chake ukilinganisha na kile kinachomulikwa. Ukiishika hiyo, hata usipokumbuka kitu kingine humu hutapotea sana.

Dirisha la mashariki linakufaa baada ya saa saba mchana, jua likishahama upande ule. La magharibi linakufaa asubuhi. Yanayowachanganya watu ni madirisha ya kaskazini na kusini. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya husifu dirisha la kaskazini kama lisiloguswa na jua, na kwao ni kweli. Kwetu jua huhama upande. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita hukaa utosini mwanzoni mwa Machi na tena katikati ya Oktoba. Kati ya miezi hiyo, kuanzia Aprili hadi Septemba, hupita upande wa kaskazini. Kuanzia Novemba hadi Februari hupita kusini. Maana yake ni kwamba dirisha la kusini ndilo tulivu mwezi Juni, na la kaskazini ndilo tulivu mwezi Desemba. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, nayo hufuata mtindo huohuo, ila zamu hubadilika karibu na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba.

Ukishalipata dirisha, simama mita moja hadi moja na nusu kutoka hapo, uso ukilielekea, na simu iwe kati yako na dirisha. Usikae na dirisha mgongoni. Hilo ndilo kosa linaloua video nyingi kuliko yote, kwa sababu simu hupima ung'avu wa nje na kukuacha wewe mweusi tii. Kisha geuka kidogo sana, mpaka shavu moja lipokee mwanga zaidi ya jingine. Uso uliomulikwa sawasawa pande zote hubapa, haugusi mtu. Tofauti ndogo kati ya shavu na shavu ndiyo inayoonyesha taya, pua na mfupa wa shavu. Piga picha moja, ivute karibu, uangalie mboni za macho. Lazima kuwe na nukta ya mwanga ndani ya kila jicho, juu kidogo ya katikati. Isipokuwepo, jicho huonekana limekufa, hata mwenyewe ukiwa unawaka kwa hisia. Kwa kawaida nukta hiyo hukosekana kwa sababu chanzo cha mwanga kiko juu mno au kiko pembeni mno. Inua kidevu kidogo, sogea, piga tena.

Kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Anayekusomea mistari ya mhusika mwingine asimame upande uleule mwanga unakotoka, karibu kabisa na simu. Unapocheza utakuwa unamtazama yeye, siyo kamera. Akiwa upande wa mwanga, kila unapomgeukia uso wako unafunguka kuelekea dirishani na macho yote mawili yanaonekana. Akiwa upande wa pili, kila mara hisia inapopanda unaingia kivulini, na sehemu bora ya uigizaji wako inabaki sikio na shavu. Kumhamisha msomaji hakuna gharama yoyote, na video hubadilika papo hapo.

Nyumba zetu zina mambo yake. Wavu wa mbu ukikaa miezi bila kuoshwa hushika vumbi na kula mwanga mwingi, uoshe, utashangaa. Nyumba yenye baraza lenye paa refu hupokea mwanga kutoka ardhini, kwa hiyo uso unamulikwa kutoka chini, na kama uani kuna udongo mwekundu kidevu huwa chekundu, kama kuna majani huwa cha kijani. Tafuta dirisha jingine. Kuta za rangi kali hufanya vilevile: ukuta wa kijani ulio karibu na shavu lako utakupaka kijani. Utundike shuka jeupe, na hapohapo utapata faida ya pili, maana shuka hilo litarudisha mwanga kwenye upande wenye kivuli. Ikiwa dirisha pekee ulilonalo linapigwa na jua saa unayolihitaji, tundika pazia jepesi jeupe au shuka jembamba. Jua litalipiga shuka, na shuka lenyewe litakuwa chanzo chako kipana. Liwe jeupe kweli. Pazia la rangi ya krimu au zambarau litakubadilisha ngozi.

Mwanga wa jioni usiuamini. Huku kwetu jua likianza kuzama giza halichelewi. Ukianza kurekodi saa kumi na moja na nusu, rekodi ya kwanza na ya tano zitaonekana kama zimepigwa siku mbili tofauti. Anza mapema, au subiri giza liingie kabisa ufanye kazi kwa taa.

Ngozi yetu mbele ya kamera

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ushauri mwingi wa taa unaozunguka ulitungwa kwa ajili ya nyuso nyeupe. Kwa miongo mingi maabara zilirekebisha rangi za picha kwa kutumia kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Filamu zilipokuja kuboreshwa zishike vizuri rangi za kahawia, mchango mkubwa ulitokana na malalamiko ya makampuni ya chokoleti na ya samani za mbao. Na mwaka 2021, Google ilipotoa simu ya Pixel 6 yenye kipengele kiitwacho Real Tone, ilikuwa inakubali hadharani kwamba kamera za simu nazo hazikuwatendea haki watu weusi. Kwa hiyo uso wako ukipotea kwenye video, usiulaumu uso. Usikimbilie poda ya kuung'arisha pia.

Wengi hujibu tatizo hili kwa kuongeza taa. Matokeo yake ukuta wa nyuma unawaka, paji la uso linatoa doa jeupe, na mashavu bado hayana umbo. Ngozi nyeusi hujionyesha zaidi kwa kile inachokiakisi. Ikiwekewa kitu kipana cheupe pembeni, hukiakisi kwa mng'ao mrefu, laini, unaofuata mfupa wa shavu na mstari wa taya, na uso unasimama. Ikiwekewa balbu ndogo, huakisi nukta ndogo kali inayofanana na jasho. Ava Berkofsky, aliyekuwa mpigapicha mkuu wa tamthilia ya Insecure ya HBO, ameeleza hadharani kwamba hufanya kazi kwa namna hii: nyuso za waigizaji wake huakisi vitu vyeupe, na watu wa vipodozi huiacha ngozi iwe na mng'ao badala ya kuikausha.

Unaweza kufanya hivyo sebuleni. Chukua karatasi kubwa ya manila nyeupe, au lile foami jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, na uliegemeze kwenye kiti upande wa kivuli, karibu na bega lako lakini nje ya picha. Lisogeze polepole mbele na nyuma huku mtu akiangalia simu. Kuna mahali ambapo shavu litaonekana ghafla limechongwa. Weka alama sakafuni. Kabla ya kurekodi jipake losheni au mafuta kidogo, yaenee usoni, kisha ugonge kwa tishu paji la uso na ncha ya pua peke yake. Feni utakuwa umeizima kwa ajili ya sauti, na chumba chenye bati juu hupata joto haraka, kwa hiyo tishu iwe karibu kila mara.

Anayevaa hijabu azingatie mambo mawili. Hijabu nyeupe kabisa huidanganya kamera iupunguze mwanga wa picha nzima na uso uwe mweusi zaidi. Rangi ya wastani, kama kahawia, bluu ya bahari au zambarau iliyopoa, inafaa zaidi. Na kama ukingo wa hijabu umetokeza mbele ya paji la uso, shusha taa mpaka iwe karibu na usawa wa macho, la sivyo nyusi na macho vitakaa kivulini.

Usiku, au chumba kisicho na dirisha la maana

Zima taa za darini. Zote. Nyumba nyingi mpya zina dari la gipsamu lenye taa ndogo za kushuka moja kwa moja, nzuri kwa wageni na mbaya kwa uso: zinachimba mashimo meusi mahali pa macho. Balbu moja katikati ya chumba hufanya vivyo hivyo.

Unahitaji balbu mbili za LED za aina moja, holda, na kitu cheupe cha kuzielekezea. Usizielekeze usoni. Zielekeze kwenye ukuta mweupe au manila iliyo mbele yako, upande mmoja, ili mwanga urudi kwako ukiwa mpana. Utapoteza nguvu nyingi, na ndiyo sababu ya kuchukua balbu zenye nguvu zaidi, wati 12 au 15. Chanzo kiwe juu kidogo ya macho. Kumbuka pia kwamba mwanga wa balbu hupungua kwa kasi kadiri unavyoondoka: ukihama kutoka mita moja hadi mita mbili, kinachokufikia ni robo ya kile ulichokuwa nacho. Taa ikiwa karibu nawe, uso unapata mwanga wa kutosha na ukuta wa nyuma unabaki umepoa, bila wewe kufanya chochote cha ziada. Usiitupie balbu kitambaa juu kamwe, hata kama ni ya LED. Kitambaa kikae mbali nayo, kimetundikwa peke yake. Na ekstensheni moja isibebe taa, chaja, jiko na pasi kwa wakati mmoja.

Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K. Inaeleza rangi ya mwanga: 2700 hadi 3000 ni wa manjano, karibu 5600 ni kama mchana, 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Hii ya 6500 ndiyo imejaa madukani, na ngozi nyeusi chini yake hupauka na kuwa ya kijivu. Ukipata ya 4000 au 5000 chukua hiyo. Jambo kubwa zaidi ni kutochanganya. Mwanga wa dirisha upande mmoja na balbu ya manjano upande mwingine hukupa uso wa rangi mbili, na hakuna programu ya kurekebisha itakayokuokoa vizuri. Boksi likiandikwa CRI 90 au zaidi, rangi za ngozi zitatoka kwa uaminifu zaidi.

Ringi laiti, ile taa ya duara inayouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, si mbaya ikitumika kwa akili. Ile ndogo ya inchi 10 ni chanzo kidogo. Ukiwa mita moja na nusu kutoka hapo haina ulaini wowote. Ya inchi 18 ni bora. Simu isikae katikati ya duara kama wanavyofanya wauza vipodozi, kwa sababu uso utabapa na macho yatakuwa na pete nyeupe ambazo mtazamaji atazitazama badala ya kukutazama wewe. Taa iweke upande wa msomaji wako, iinue kidogo, tundika shuka jembamba mbele yake. Mwenye miwani aipandishe taa zaidi na ashushe kidogo fremu ya miwani puani, mpaka pete itoke kwenye vioo.

Kisha kuna mistari. Umeshawahi kuona video ambayo mikanda myeusi hafifu inatembea juu ya uso? Hiyo ni taa na kamera kutoelewana. Umeme wetu, Tanzania na Kenya, ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hutoka kiwandani zikirekodi fremu 30 kwa sekunde, mpangilio unaoendana na umeme wa Marekani wa hezi 60. Weka fremu 25 kwa sekunde, na kama simu inaruhusu, shata 1/50. Kwenye iPhone, ingia mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, uwashe PAL ili fremu 25 zionekane. Kwenye Android nyingi hali ya video ya kitaalamu ina shata na fremu, na programu ya Blackmagic Camera, inayopatikana bure kwa iPhone na baadhi ya simu za Android, inakupa vyote hivyo pamoja na rangi ya mwanga. Taa ya bei rahisi iliyopunguzwa kwa kidhibiti chake bado inaweza kupepesa. Iwashe kwa nguvu yote, kisha uisogeze mbali.

Simu yenyewe

Futa lenzi. Tumia kamera ya nyuma, simu ikiwa imelala, isipokuwa umeambiwa vingine. Zima vichujio vyote vya urembo. Mchaguzi anataka kuona uso atakaoukuta kwenye seti.

Kisha funga mwangaza. Simu ikiachwa ijiamulie, itabadilisha mwanga kila unapoinua mkono au kusogea mbele, na mtazamaji ataona picha ikipumua. Bonyeza uso wako kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka alama ya kufunga itokee, kisha telezesha kidole juu au chini kurekebisha. Pandisha mpaka mashavu yaonekane vizuri, lakini nyeupe za macho na meno zisigeuke madoa yasiyo na kitu ndani. Kama programu yako inafunga na rangi pia, ifunge, la sivyo ngozi itakuwa ya joto katika sentensi moja na ya baridi katika inayofuata.

Ukuta wa nyuma uwe mtupu, kijivu au bluu iliyopoa. Kitenge chenye maua makubwa kitakula macho ya mtazamaji. Ukuta mweupe sana utakufanya uwe mweusi zaidi, na kitambaa cheusi kitameza nywele zako. Simama mita moja na nusu mbele yake ili kivuli chako kianguke sakafuni. Wakiomba picha ya mwili mzima mwanzoni unapojitambulisha, angalia kama mwanga unafika miguuni. Mara nyingi haufiki, na dawa ni kurudi nyuma na kuinua chanzo, kwa sehemu hiyo peke yake.

Rekodi nusu dakika ya majaribio ukiwa kwenye sehemu yenye hisia kali kabisa, si ukiwa umesimama umetulia, kwa sababu ukicheza unasogea na mwanga wote uliopanga unabadilika. Itazame kwenye simu ya mtu mwingine, ung'avu wa kioo ukiwa nusu. Macho yakionekana hapo, yataonekana popote. Mwanga ukishakaa sawa acha kuugusa, umrudie mhusika wako. Jioni nzima ikipotea kwenye taa, uigizaji utachoka kabla ya kurekodiwa.

Kwa anayeuliza anunue nini kwanza: stendi imara ya simu, kisha manila na shuka jeupe, kisha balbu mbili nzuri. Ringi laiti ije mwisho. Na kama mpo waigizaji watatu au wanne mtaa mmoja, changeni mnunue taa moja kubwa yenye betri yake, ili umeme ukikatika usiku kazi isisimame. Mmoja wenu akipata ujumbe saa mbili usiku kwamba video inatakiwa asubuhi, nendeni wote: mmoja ashike manila, mmoja asome mistari, mmoja aangalie macho kwenye simu.